Nimechoka kushika futi: niende kisiwa cha mbali au nibaki na pweza wa kwetu?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa kusini Pemba. Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya bahari na nilihitimu miaka 2 iliyopita. Baba ni mvuvi wa madema. Mama anachokoa pweza kila bamvua, maji yanapokupwa sana, tangu kabla sijazaliwa. Nina wadogo zangu watatu, mmoja yuko kidato cha nne.

Tangu nimalize chuo naishi kwa vibarua vya utafiti. Anakuja mwanafunzi au mtafiti kutoka nje, anatafuta mtu anayezijua njia za mwambani na anayeweza kuzungumza na wavuvi. Naitwa, nalipwa kwa siku. Nashika futi ya kupimia, naweka kwadrati, ile fremu ya mraba ya kupimia eneo, naandika kwenye ubao wa plastiki, natafsiri mahojiano. Wakiondoka, takwimu zinaondoka nao.

Mwaka jana nilikaa wiki 7 na mtafiti mmoja kwenye nyasi bahari. Nilimwonyesha maeneo, nikamrekebisha alipochanganya aina mbili za nyasi, nikamshauri ahamishe mistari miwili ya kupimia kwa sababu pale hupita juya, wavu wa kukokota. Ripoti ilipotoka niliisoma kwenye simu mara tatu. Jina langu halimo, hata kwenye shukrani. Nahodha wa boti yumo.

Sasa nimepata nafasi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kujitolea miezi 6 kwenye kisiwa cha hifadhi, mbali sana, katika nchi ya visiwa humu humu Bahari ya Hindi. Kazi ni kuhesabu kasa na ndege wa baharini na kung'oa mimea vamizi. Chakula na malazi ni bure, posho hakuna. Nauli, bima na uchunguzi wa afya ni juu yangu; nimepiga hesabu nikapata kama shilingi 3,400,000. Nina akiba ya 1,900,000. Iliyobaki naweza kukopa kwenye kikundi cha akina mama.

Ya pili ni mkataba wa miezi 9 hapa hapa, kwenye mradi wa kufunga miamba ya pweza, yaani kuzuia uvuvi kwa muda, katika shehia tatu, yetu ikiwemo. Cheo ni mkusanya takwimu, mshahara 600,000 kwa mwezi. Nitapima pweza dikoni, wanaposhushwa, siku za kawaida na siku ya kufungua mwamba. Tatizo ni kwamba kamati yetu imepiga marufuku pweza wa chini ya gramu 500, nami nawajua wanaowaleta. Wamo mama zangu wadogo. Nikiandika nawaumbua. Nisipoandika nadanganya.

Baba anasema, "Elimu umeshaipata. Pweza tumewahesabu sisi kabla hujazaliwa, wewe wahesabu ulipwe." Ami yangu anasema msichana hawezi kukaa peke yake kisiwani na wageni miezi 6. Rafiki yangu tuliyesoma naye ananiambia nikikataa kisiwa nimekataa ufadhili wa shahada ya pili, kwa kuwa vyuo vya nje vinataka watu wenye uzoefu wa kimataifa, na nafasi kama hii haiji mara mbili. Tena wenzangu wengi wana cheti cha kuzamia na mtungi, mimi sina.

Zimebaki siku 18 za kutoa jibu kote kuwili. Naogopa nikibaki nitakuwa mshika futi mpaka nizeeke. Nifanye nini?

Mshika Futi, Pemba

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza uende wapi, lakini nikiisoma barua yako naona sehemu kubwa yake inahusu jina lisiloonekana kwenye ripoti. Nafasi mbili ulizonazo unazipima kwa jeraha hilo: kisiwa cha mbali unakiona kama mahali ambapo hutakuwa mshika futi, na pweza wa kwenu unawaona kama mwendelezo wa yale yale. Huenda ni kweli. Huenda pia ni kinyume chake, maana mtu anayejitolea bila posho kwenye kisiwa cha watu naye hushika futi, tena jua likiwa kali zaidi. Kwa hiyo tuanze na jeraha, kisha tuje kwenye safari.

Kwa vigezo vya majarida mengi ya sayansi, kukusanya takwimu peke yake hakumpi mtu haki ya kuwa mwandishi. Uandishi hudaiwa na aliyechangia kupanga utafiti, kuchambua au kuandika. Shukrani ni jambo jingine: aliyefanya kazi wiki 7 mwambani anastahili kutajwa, na kumwacha ni kosa. Sasa tazama ulichofanya. Kumrekebisha mtu aliyechanganya aina za nyasi si kushika futi. Cymodocea rotundata na Cymodocea serrulata humtatiza hata aliyesoma, hadi ainame aitazame ncha ya jani kama ni laini au ina meno. Hapo uliokoa takwimu za watu. Lakini hili la kuhamisha mistari miwili ili ikwepe juya, ungeniuliza ningekuuliza kwanza: utafiti ulikuwa unatafuta nini? Kama ulikuwa unapima hali ya nyasi kwa jumla, kuondoa mistari pale panapokokotwa juya kunayafanya majibu yaonekane mazuri kuliko bahari ilivyo. Kama walitaka kituo cha kurudia miaka 10, na vigingi vingeng'olewa na nyavu, ushauri wako ulikuwa sahihi. Sikulaumu. Nataka uone kwamba umeshavuka hatua ya kushika, uko kwenye hatua ya kuamua, na anayeamua hana budi kuandika sababu ya uamuzi wake.

Mwandikie mtafiti yule. Barua fupi, isiyo na hasira: tarehe ulizofanya kazi, mambo matatu uliyochangia, na maombi mawili, yaani jina lako liongezwe kwenye shukrani za nakala iliyoko mtandaoni, na upewe nakala ya takwimu ghafi. Wengine hujibu ndani ya siku mbili kwa aibu, wengine hawajibu kabisa. Na tangu leo, kabla futi haijakunjuliwa, pawe na ukurasa mmoja uliosainiwa na pande zote: nani anabaki na nakala, jina lako litaonekana wapi, na utafundishwa nini. Usiogope kwamba utaonekana msumbufu. Mtafiti wa kigeni haingii majini kwa hiari yake tu. Upande wa Bara anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mshirika wa hapa nchini, na Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali. Anakuhitaji kuliko anavyokuonyesha.

Tuje kisiwani.

Visiwa vya hifadhi vya bahari yetu vimefundisha watu wengi, na umbali wenyewe ni sehemu ya somo. Chukua Aldabra ya Shelisheli, iliyo urithi wa dunia tangu 1982. Iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa chenye mji mkuu, na ukweli ni kwamba iko karibu zaidi na pwani yetu ya Afrika kuliko na mji mkuu wa nchi yake. Mahali pa namna hiyo kila kitu kina ratiba kwa sababu hakuna duka wala fundi. Takwimu hukusanywa kwa fomu ile ile, siku ile ile, miaka nenda miaka rudi, hata watu wakibadilika. Nidhamu hiyo huku kwenye miradi ya miezi 9 ni nadra kuiona.

Kwa kasa, kwa mfano, utaamka alfajiri kabla upepo haujafuta mikokoto, alama za kasa walikopita, ufukweni. Utajifunza kuisoma: kasa wa kijani huvuta makasia yote mawili ya mbele kwa pamoja, akaacha mkokoto mpana wa karibu mita 1 unaolingana kulia na kushoto, kasa aina ya ng'amba hupishanisha, na mkokoto wake ni mwembamba zaidi. Utajifunza kutofautisha aliyetaga na aliyepanda akageuka bila kutaga. Kosa la wageni ni kuhesabu mkokoto mmoja mara mbili, jana na leo, na dawa yake ni ndogo: ukishauhesabu unaukata kwa mstari mchangani. Kasa mmoja hurudi kutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kwa nafasi ya kama wiki 2, kwa hiyo idadi ya viota si idadi ya kasa. Mayai hukaa karibu miezi 2 mchangani. Miezi 6 inatosha kuuona mzunguko huo kuanzia mwanzo hadi vifaranga.

Lakini siku nyingi hutakuwa na kasa. Utakuwa na panga, ukikata mimea vamizi, au gunia, ukiokota takataka zilizoletwa na mkondo. Mwaka 2019 huko Aldabra waliokota tani 25 za taka ndani ya wiki 5. Kazi hiyo ni ya maana kwa kisiwa, ila kwenye maombi ya chuo haikupi ujuzi wa kuandika. Utakutana pia na ukaguzi wa mizigo ambao mwanzo huudhi: viatu vinasuguliwa nyayo, mifuko inakung'utwa, kamba za kunata kwenye koti zinachunguzwa mbegu moja moja, na chakula kinafunguliwa ndani ya chumba kisichopitisha panya. Sababu unaijua. Panya mmoja mwenye mimba akishuka na gunia la mchele, ndege wanaotaga chini hawana msimu. Kisiwa cha Chumbe, hapo Unguja, ilibidi wawaangamize panya wote mwaka 1997. Nunua viatu vipya, ufike navyo bila kuvivaa bustanini.

Kabla ya kulipa hata senti, waulize mambo haya kwa barua pepe, uyahifadhi majibu. Nani atakusimamia, na ana shahada gani na uzoefu gani? Katika siku 6 za kazi, ngapi ni za takwimu na ngapi ni za panga? Utapewa sehemu moja ya takwimu uichambue na kuiandikia ripoti yenye jina lako? Nani atakuandikia barua ya utambulisho baadaye, na je, yeye mwenyewe atakuwa bado yupo miezi 6 ikiisha? Mkuu wa kituo akihama mwezi wa nne, barua yako inaweza kubaki hewani. Bima inalipia kusafirishwa mgonjwa kwa ndege? Boti ikichelewa, nani analisha watu na nani anabadilisha tiketi yako? Kituo kikisitasita kwenye maswali ya aina hii, umeshajifunza kitu bila kulipa nauli.

Kuhusu cheti cha mtungi, uliza kama kinahitajika kweli. Kasa, ndege, nyasi na miamba ya maji kupwa havihitaji mtungi, na cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18 tu. Kuogelea vizuri baharini, kwa miwani na mrija, ukiwa umevaa suti ndefu na kilemba cha kuogelea, ndilo jambo la kwanza kuhakikisha.

Ami yako usimpuuze kwa kuwa hajasoma ikolojia. Hofu yake ina majibu ya kweli: wanawake wangapi watakuwapo, vyumba vinafungwaje, simu au intaneti ipo siku zipi, chakula kikoje, na kama Ramadhani itaangukia humo ndani, saa za kazi za nje zinapangwaje. Ukimwekea majibu yaliyoandikwa, mazungumzo yanabadilika. Pengine atakataa bado. Angalau atakuwa anakataa kitu anachokijua.

Fedha sasa. Unapungukiwa 1,500,000, na unataka kuikopa kabla ya miezi 6 isiyo na kipato. Marejesho ya kikundi hayatakusubiri urudi. Mtu atalipa kila mwezi, na mtu huyo nahisi ni mama. Umemuuliza? Upande wa pili wa hesabu: mkataba wa miezi 9 unaleta 5,400,000. Ukiweka 250,000 kila mwezi, mwishoni una 2,250,000 juu ya akiba yako, nayo inazidi gharama ya kisiwa bila deni. Hiyo ni karatasi tu. Karo ya mdogo wako haimo kwenye hesabu hiyo, na kisiwa hakijaahidi kukungoja.

Hapo kwenye kungoja ndipo nashindwa kukubaliana na rafiki yako. Vituo vya visiwa huchukua watu kwa misimu, mwaka hadi mwaka, kwa sababu vinahitaji mikono. Hakuna ubaya kuuliza kama nafasi yako inaweza kusogezwa msimu ujao. Wakisema hapana, umejua.

Na kuhusu ufadhili, soma masharti kwa macho yako. Mpango wa EPOS wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, kwa mfano, huomba angalau miaka 2 ya kazi inayohusiana na fani, na kwa kawaida shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Wewe umehitimu miaka 2 iliyopita. Bado una dirisha la miaka 4, wala hufukuzwi. Wanachouliza ni kazi, hawaulizi kama ulivuka mpaka. Uliza chuo chenyewe kama miezi ya kujitolea itahesabiwa, kwa sababu wengi huhesabu kazi ya ajira ya muda wote, na mikataba yenye tarehe na sahihi ndiyo ushahidi wake. Vile vibarua vya siku umevihifadhi wapi? Kusanya barua kutoka kwa kila uliyemfanyia kazi. Ubelgiji kuna programu ya bahari na maziwa inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vya Brussels, Ghent na Antwerp, nayo waombaji wengi wa Afrika Mashariki huipitia. Maombi ya masomo hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2, basi usiufanye mtihani mapema ukaja ukafa mkononi.

Tuje kwa pweza, ambao nadhani umewaonea kidogo.

Kufunga mwamba kwa miezi 2 au 3 kulianzia kusini magharibi mwa Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004, kukaenea hadi kwetu. Sababu yake ni umri wa pweza wa mwambani. Anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na anapokuwa mdogo hunenepa haraka mno, hivyo wiki chache za kumwacha zinageuka kilo. Lakini ukifunga kupita kiasi, majike waliokomaa huingia mashimoni kulalia mayai, hawali, na mayai yakianguliwa wanakufa. Mwamba unafunguliwa, watu wanakuta mashimo matupu, wanasema mradi ni uongo. Kujua siku ya kufungua ni swali la kisayansi lisilo na jibu moja kwa kila kijiji, na linajibiwa kwa takwimu za dikoni. Zile zile ulizozidharau.

Takwimu hizo huharibika kwa vitu vidogo. Pweza akipimwa kabla ya kutolewa matumbo kijiji hiki na baada ya kutolewa kijiji kile, huwezi kuvilinganisha. Fomu iwe na sehemu ya kuandika hali yake. Akipimwa na maji ndani ya kichwa uzito unaongezeka, mwinue kwanza achuruzike. Mizani ya kuning'iniza inapigwa na chumvi. Kila asubuhi ipime kwa kitu cha uzito unaoujua, chupa ya maji ya lita 1 itakupa karibu kilo 1 pamoja na uzito wa chupa. Dume utamjua kwa mkono wa tatu wa kulia, ncha yake haina vinyonyeo. Na jambo linalosahaulika kuliko yote ni juhudi: watu wangapi walikwenda, saa ngapi, kwa mguu au kwa kuzamia. Siku ya kufungua diko likipokea kilo 300, je, mwamba umestawi, au ni kwa kuwa watu 200 wameuvamia badala ya 20? Bila idadi ya watu na saa, kilo 300 hazisemi kitu. Andika wanawake wa mguu kando na wanaume wa miwani, maana siku ya kufungua wazamiaji wanaweza kumaliza mashimo ya kina kabla maji hayajapwa vya kutosha kwa akina mama. Ukitaka kujua mradi unamnufaisha nani, jibu liko kwenye safu hiyo moja ya fomu.

Sasa mama zako wadogo na gramu 500. Ugumu huu ni halisi, na watu wanaopima kwao wanakutana nao kila mahali. Kuna njia ya kuupunguza, haiumalizi. Mweleze msimamizi kabla ya kusaini: wewe upime katika zile shehia mbili nyingine, na mwenzako apime kwenu. Wavuvi waandikwe kwa namba, majina yakae kwenye daftari moja lililofungwa. Na siku ya kwanza, mbele ya mkutano wa shehia, mwenyekiti wa kamati aseme wazi kwamba mpimaji hamkamati mtu. Kazi ya kukataza pweza mdogo ni ya kamati. Mpimaji akionekana askari, pweza wadogo hawataacha kuvuliwa, wataacha kuletwa dikoni, wakaliwa nyumbani au kuuzwa njiani, na fomu zako zitaonyesha kijiji cha pweza wakubwa tu. Mradi ukikataa kupanga hivyo, ujue miezi 9 utaibeba shingoni mwako, hata kwenye harusi na maziko.

Hatari nyingine ya mkataba huu ni cheo chenyewe. "Mkusanya takwimu" ukiuacha ulivyo, mwezi wa tisa utakuwa pale pale. Omba kabla ya kusaini: nakala ya takwimu za shehia unazosimamia, siku 2 kila mwezi za kuchambua kwa R, programu ya takwimu, pamoja na mtaalamu wa mradi, na sura moja ya ripoti ya mwisho iandikwe na wewe kwa jina lako. Mwajiri mzuri hatashangaa. Asiyetaka atakuambia bajeti haina nafasi, ingawa ulichoomba kwa kweli ni muda wake.

Kuna mlango wa tatu ambao hukuutaja. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja, safari ya boti tu kutoka kwenu, na inapokea wanafunzi wa shahada ya pili. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi iliyoanzishwa 1993, makao yake pia ni Zanzibar, na mfuko wake wa MARG hutoa ruzuku ndogo za utafiti, za kutembelea taasisi nyingine na za kwenda mikutanoni. Ruzuku huombwa kwa swali na takwimu za awali. Takwimu hizo, kwa mfano za nyasi bahari, unaweza kuzianza bamvua lijalo, baada ya kumwarifu sheha na kamati: mistari 3 ya mita 50, iachane mita 25, kwadrati ya sentimita 50 kwa 50 kila mita 5 kuanzia sifuri, jumla kwadrati 33, urudie kila miezi 3 mahali pale pale. Tembea upande mmoja wa futi, picha zipigwe upande wa pili usioukanyaga. Asilimia za eneo lililofunikwa na nyasi zikisiwe na mtu yule yule, au mfanye mazoezi pamoja kwa picha za mfano kwanza, kwa sababu macho mawili tofauti hutofautiana kuliko misimu. Mlango huu nao una ubaya wake. Ni wa polepole, haulipi mwanzoni, na ukiwa peke yako ni rahisi kuacha kusi likianza kuvuma.

Siku 18 zinatosha barua mbili. Moja kisiwani yenye maswali yale na ombi la kusogeza tarehe. Moja kwa mradi yenye ombi la shehia nyingine, nakala ya takwimu na jina kwenye ripoti. Zitume wiki hii, uwape siku 7. Majibu yakirudi, huenda ukakuta mkusanya takwimu anafundishwa na mwenda kisiwani anafagia, au kinyume chake, na hapo utakuwa unachagua kati ya vitu viwili unavyovijua.

Jambo moja la mwisho nililoliona. Katika barua yako baba amesema, ami amesema, rafiki amesema. Mama, aliyechokoa pweza kila bamvua kabla hujazaliwa, ambaye ndugu zake ndio watakaopimwa, na ambaye pengine ndiye atakayelipa marejesho ukiwa mbali, hajasema neno. Siku moja kabla ya bamvua kuisha, shuka naye mwambani bila ubao wala kwadrati. Muulize yeye angefunga mwamba upi, kwa miezi mingapi, na kwa nini. Kisha muulize kuhusu kisiwa.